Kilo, sentimita au boneti: namna ya kuchagua kanuni ya kudhibiti magari makubwa mjini

Mji unaotaka kupunguza mashangingi kwenye mitaa yake una mambo mawili ya kuamua, na mara nyingi huyachanganya. La kwanza ni kipimo: gari litahesabiwa kubwa kwa uzito, kwa urefu na upana, au kwa kimo cha boneti? La pili ni mahali pa kulipia: siku ya kununua, kila mwaka kwenye usajili, au kila saa kwenye maegesho. Tumeviweka vipimo hivyo kando kwa kando, kisha njia za kulipisha, ili anayeandika sheria ndogo ya mji na mkazi anayeombwa kuipigia kura wajue wanachagua nini.

Msimamo wetu tunautanguliza. Uzito ndio kipimo kizuri cha kutoza pesa. Upana ndio kipimo kizuri cha kugawa nafasi. Na kanuni inayowasamehe wakazi wenyewe haitagusa magari yanayolala kwenye mitaa yao, hata ikiwa kali kiasi gani kwa wageni.

Kwa hesabu zote zinazofuata tunatumia magari mawili ya mfano:

| | Gari dogo | Shangingi |
|---|---|---|
| Uzito likiwa tupu | kilo 1,200 | kilo 2,400 |
| Urefu | mita 4.0 | mita 5.0 |
| Upana bila vioo | mita 1.80 | mita 2.00 |
| Kimo cha ncha ya boneti | sentimita 75 | sentimita 110 |

Uzito: unachoeleza na usichoeleza

Magari haya mawili yakigongana uso kwa uso, kila moja likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, yakashikana, yote mawili yataishia kusogea upande lilikokuwa linaelekea lile kubwa, kwa takriban kilomita 17 kwa saa. Aliye ndani ya shangingi mwendo wake umebadilika kwa kilomita 33 kwa saa. Aliye ndani ya gari dogo umebadilika kwa 67: ametoka 50 hadi sifuri, kisha akarudishwa kinyumenyume hadi 17, na yote hayo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mikanda na mifuko ya hewa ina kazi mara mbili upande mmoja, na sababu yake ni uzito tu. Usalama anaoununua mwenye gari zito unalipiwa na mtu mwingine barabarani, na hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kutoza kwa kilo.

Hoja ya kuharibu lami inasikika sana lakini ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Majaribio ya barabara ya AASHO (chama cha maofisa wa barabara kuu za majimbo ya Marekani), yaliyofanyika Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960, ndiyo yaliyotoa kanuni ya kipeo cha nne: uharibifu hukua kwa uzito wa ekseli (mhimili wa magurudumu) ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya kilo 1,200 huumiza barabara mara 16 ya ekseli ya kilo 600. Inatisha, mpaka ukumbuke lori. Ekseli ya lori yenye tani 10 huumiza barabara zaidi ya mara 4,800 ya ekseli ya shangingi letu. Halmashauri inayohalalisha ada yake kwa mashimo ya barabarani itaulizwa mbona mabasi na malori hayajaguswa, na haitakuwa na jibu.

Kwa mtembea kwa miguu, uzito karibu hauna maana. Mtu wa kilo 70 akigongwa na gari la kilo 1,200 hupewa karibu asilimia 94 ya mwendo wa gari hilo. Akigongwa na la kilo 2,400 hupewa asilimia 97. Tofauti hiyo haitoshi kuwa hoja. Kinachomwua ni mwendo, na mahali boneti inapompiga.

Sehemu moja ambayo uzito unastahili kutazamwa zaidi ni majengo ya maegesho. Viwango vya ujenzi vya Ulaya huweka sakafu za magari mepesi kwa magari yasiyozidi kilonyutoni 30 kwa jumla, yaani takriban tani 3 pamoja na watu na mizigo. Shangingi la kilo 2,400 likibeba watu watano, mizigo na mafuta linakaribia hapo. Lifti za magari na majukwaa ya kupandisha gari juu ya gari yana kibao cha uzito ukutani, na mengi ya zamani yaliwekwa kwa magari ya tani 2. Anayesimamia jengo la namna hii asome kibao chake kabla ya kusubiri sheria ya mji.

Urefu na upana: hapa ndipo mtaa unapobanwa

Chukua mtaa wa mita 100 wenye maegesho upande mmoja. Magari ya mita 4.0, kila moja na nafasi ya sentimita 80 ya kuingia na kutoka, yataenea 20. Ya mita 5.0 yataenea 17. Mtaa umepoteza nafasi tatu bila mtu yeyote kupiga kura.

Upana ni mbaya zaidi. Tuseme njia ina mita 7.2 kutoka ukingo hadi ukingo, na magari yameegeshwa pande zote mbili, kila moja sentimita 20 kutoka ukingoni. Yakiwa na upana wa mita 1.80, katikati hubaki mita 3.2. Gari la zimamoto lenye upana wa mita 2.5 hupita likiwa na sentimita 35 kila upande. Yakiwa na upana wa mita 2.00, hubaki mita 2.8, yaani sentimita 15 kila upande, na vioo vya pembeni, vya gari la zimamoto na vya yaliyoegeshwa, bado hatujavihesabu. Dereva wa zimamoto hapo anatambaa, au anasimama kabisa na mipira ya maji inavutwa kwa mkono.

Ndani ya jengo la maegesho hali ni hiyo hiyo. Nafasi ya mita 2.4 ikikaliwa na magari ya mita 1.80, kati ya gari na gari hubaki sentimita 60 za kufungua mlango. Yakiwa ya mita 2.00 hubaki 40, na hapo mzee mwenye magongo au mama mwenye mtoto mkononi hawezi kushuka.

Transport & Environment, shirika la Ulaya linalotetea usafiri safi, lilipima jambo hili mwaka 2024: wastani wa upana wa magari mapya Ulaya ulikuwa sentimita 177.8 mwaka 2018, ukafika 180.3 katika nusu ya kwanza ya 2023. Ni sentimita moja hivi kila miaka miwili. Mistari ya maegesho haijasogea.

Nguvu ya upana ni kwamba unahitaji rangi na jicho tu. Chora nafasi za mita 1.80, andika katika sheria kwamba tairi na bodi lazima viwe ndani ya mstari, na mkaguzi ataona kosa bila kufungua rejesta yoyote. Gari la kukodi, gari la namba za nje, gari lililosajiliwa kwa jina la kampuni, yote yanashikwa sawasawa. Andika pia wazi kwamba upana unahesabiwa bila vioo, kwa sababu vioo huongeza sentimita 20 au zaidi na bila maneno hayo kila rufaa itabishania hapo.

Nguzo za kubana njia ni jambo jingine, na hatuzipendekezi kwa kazi hii. Nyingi za Uingereza zimeachwa na nafasi ya futi 7, yaani mita 2.13, na shangingi letu hupita humo vioo vikikunjwa. Ukizibana hadi mita 1.95 umezuia ambulansi pamoja na shangingi.

Japani ilianzia upande wa pili: badala ya kuadhibu kubwa, ilitenga daraja la dogo. Gari la kei, kwa vipimo vya tangu 1998, halizidi urefu wa mita 3.40, upana wa mita 1.48, kimo cha mita 2.00 na injini ya sisi 660. Likitimiza hayo yote hulipa kodi ndogo. Pamoja na hilo, sheria ya 1962 inamtaka mwenye gari athibitishe kwamba ana mahali pa kulilaza nje ya barabara, siku hizi ndani ya kilomita 2 kutoka anapoishi. Watengenezaji wamejaza mpaka huo hadi sentimita ya mwisho, na hicho ndicho kinachotakiwa: mpaka ulio wazi hutengenezewa gari linaloutosha.

Boneti: kipimo cha kweli kisichotozeka

Taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, ilitoa matokeo mwaka 2023: magari yenye ncha ya boneti juu ya inchi 40, kama mita moja, yana uwezekano mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 45 wa kumwua mtembea kwa miguu wanayemgonga, ukilinganisha na yenye boneti ya inchi 30 au chini iliyoinama. Boneti ndefu kwenda juu hupiga kifua na kichwa badala ya miguu, na mtu hutupwa chini mbele ya tairi badala ya kuanguka juu ya gari. Mtoto wa miaka mitano ana kimo cha kama sentimita 110. Akisimama karibu mbele ya shangingi letu, dereva haoni hata nywele zake.

Lakini kimo cha boneti hakimo kwenye kadi ya gari. Kwa hiyo mji peke yake hauna cha kutozea. Hiki ni kipimo cha kupigania kwenye sheria za taifa za kuidhinisha aina za magari, na mji unaokisubiri kwa sasa ushushe mwendo hadi kilomita 30 kwa saa.

Mahali pa kulipia

*Siku ya kununua.* Kwa kubadili aina ya magari yanayoingia barabarani, hakuna njia inayoishinda, kwa sababu mtu analipa akiwa bado dukani na anaweza kubadili mawazo. Ufaransa ilianza 2022 kutoza euro 10 kwa kila kilo inayozidi 1,800. Mwaka 2024 kizingiti kikashushwa hadi 1,600, na ada ikapanda ngazi kwa ngazi kutoka euro 10 hadi 30 kwa kilo. Norwe mwaka 2023 iliweka kroni 12.5 kwa kila kilo inayozidi 500, magari ya umeme yakiwemo: la kilo 1,500 kroni 12,500, la kilo 2,500 kroni 25,000. Kasoro yake ni mbili. Mji hauna mamlaka nayo, ni ya serikali kuu. Na haigusi gari lililokwisha kununuliwa.

*Kila mwaka kwenye usajili.* Hii humfikia mwenye gari la zamani pia. Washington, D.C. ilipitisha mwaka 2022 ada ya dola 500 kwa mwaka kwa magari yanayozidi pauni 6,000, yaani kama kilo 2,720. Udhaifu unajulikana: gari husajiliwa jimbo la jirani huku likilala mjini.

*Kibali cha maegesho cha mkazi.* Kwa mji wenye mamlaka juu ya mitaa yake tu, tungechagua hiki. Tübingen nchini Ujerumani ulifanya hivyo mwaka 2022: euro 120 kwa mwaka kwa gari la kawaida, 180 kwa gari zito, kizingiti kikiwa kilo 1,800 kwa injini ya mafuta na 2,000 kwa umeme. Kadi ya gari huletwa wakati wa kuomba kibali, uzito unasomwa hapo hapo, kazi imekwisha. Tofauti ya euro 60 ni ndogo mno kumfanya mtu abadili gari, na hilo tunalisema waziwazi. Lakini njia imeshafunguliwa na kiwango kinaweza kupandishwa.

*Ada ya saa kwa wageni.* Paris ilipiga kura tarehe 4 Februari 2024. Asilimia 54.55 ya waliopiga walikubali, ingawa waliojitokeza hawakufika asilimia 6. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 gari la mafuta au la mseto (mafuta na umeme) lenye tani 1.6 au zaidi, na la umeme lenye tani 2 au zaidi, hulipa euro 18 kwa saa katika mitaa ya kati na 12 katika ya pembeni, mara tatu ya kawaida. Wakazi walioegesha katika eneo lao, teksi na watu wenye ulemavu wamo katika walioachwa nje. Kwa hiyo ada hii inamzuia anayekuja kutoka nje na kukaa masaa mawili. Gari zito linalokaa mtaani siku sita kwa wiki halikuguswa. Kama shida ya mji wako ni msongamano wa wageni, iige. Kama shida ni mitaa ya makazi iliyojaa, itakuacha ulipokuwa.

Ngazi au kilo kwa kilo

Freiburg, Ujerumani, ulitoza kwa urefu: euro 240 kwa magari hadi mita 4.20, 360 hadi mita 4.70, na 480 juu ya hapo. Tarehe 13 Juni 2023 mahakama kuu ya utawala ya Ujerumani iliifuta kanuni hiyo. Haikusema kutofautisha kwa urefu ni kosa. Pamoja na kasoro ya aina ya sheria iliyotumika, ilisema miruko kati ya ngazi ni mikubwa mno ukilinganisha na tofauti ya magari yenyewe: kuvuka sentimita moja kulibeba euro 120.

Dawa ni kutoza kidogokidogo. Mfano wa fomula: ada ya msingi 100, kisha 5 kwa kila kilo 50 juu ya 1,200. Gari la kilo 1,200 linalipa 100. La 1,600 linalipa 140. La 2,000 linalipa 180. La 2,400 linalipa 220. Uzito umekuwa mara mbili, ada nayo ni zaidi kidogo ya mara mbili, na hakuna mahali ambapo kilo moja inamgharimu mtu zaidi ya 5. Ngazi kubwa zina madhara mengine pia: paa la kioo na rimu kubwa vinaweza kuongeza makumi ya kilo, hivyo gari lile lile la majirani wawili likaangukia pande mbili za kizingiti, nao wakaja wote ofisini siku moja.

Betri

Pakiti ya betri ya kWh 60 (kilowati-saa, kipimo cha umeme inaouhifadhi) ina uzito wa kama kilo 350 hadi 450. Gari la umeme la kawaida basi litaonekana zito kuliko ndugu yake wa mafuta hata likiwa na umbo lile lile. Kusamehe umeme wote ni kufungua mlango kwa magari kama GMC Hummer EV: kilo zaidi ya 4,000, na betri yake peke yake inashinda uzito wa gari letu dogo zima. Kutoa uzito halisi wa betri kwenye hesabu ni kosa la aina hiyo hiyo, maana mwenye betri kubwa ndiye anayefaidika zaidi. Tunapendelea punguzo moja la kudumu, tuseme kilo 300 kwa kila gari la umeme, bila kujali ukubwa wa betri. Aliyechagua betri ndogo anabaki na faida.

Makosa ya kwenye karatasi

Hapa ndipo kanuni nzuri hufia, kwa hiyo fuata mpangilio huu kabla ya kutangaza chochote.

1. Taja uzito upi. Uzito wa gari tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa hutofautiana kwa kilo 400 hadi 600 au zaidi. Stika ya kwenye fremu ya mlango aghalabu huandika ule wa juu, kadi mara nyingi huandika yote. Ulaya, uzito "tayari kwa safari" unajumlisha dereva wa kilo 75 na tangi lenye mafuta asilimia 90.

2. Usitumie uzito wa juu unaoruhusiwa kama kipimo cha ada. Hiyo ni namba inayotangazwa na mtengenezaji. Marekani, punguzo la kodi la kifungu cha 179 huwapa wafanyabiashara nafuu kubwa zaidi wakinunua gari ambalo uzito huo umezidi pauni 6,000, na matokeo yake mtu mwenye ofisi ya kawaida ana sababu ya kodi ya kuchagua kubwa badala ya wastani.

3. Vuta sampuli ya rejesta, hata magari 500, uhesabu mangapi hayana uzito ulioandikwa. Yaliyoingizwa yakiwa yametumika ndiyo mengi. Kwa hayo tafuta kwa namba ya chesi. Ikishindikana, mwenye gari alete cheti cha mizani. Bila cheti, alipe kiwango cha juu mpaka alete. Ukiweka kiwango cha chini kwa wasio na karatasi, karatasi zitapotea.

4. Ziba pikapu. Pikapu ya viti vitano ikisajiliwa kama gari la mizigo huponyoka kila ada ya magari ya abiria. Ufaransa iliziingiza kwenye ada zake za magari mwaka 2019. Andika "gari lolote lenye viti vitano au zaidi", usiandike "gari la abiria".

5. Msamaha wa ulemavu umfuate mtu, usifuate gari. Gari lenye lifti ya kiti cha magurudumu linabeba mtambo mzito na halipaswi kuadhibiwa. Kwa familia yenye watoto watatu au zaidi, punguza kilo za kuhesabu, kama ilivyofanya Ufaransa, badala ya kufuta ada nzima. Gari la viti saba la kilo 1,600 lipo, na familia ibaki na sababu ya kulichagua mbele ya la kilo 2,500.

6. Tangaza ngazi za miaka mitatu kwa pamoja, tarehe na viwango vyote, kabla ya mwaka wa kwanza kuanza. Mtu anayenunua gari mwezi huu atakaa nalo miaka mingi. Akijua kwamba kibali cha 220 kitakuwa 330 mwaka wa tatu, ataifanya hesabu hiyo akiwa bado mbele ya muuzaji.